UZI: Mariano Rivera, misimu 19 kwa mrusho mmoja. Tuchambue kazi ya mrushaji wa besiboli kiundani

#1 Kono la Kulia

Wakuu, besiboli wengi wetu tunaijua juu juu: huyu anarusha, yule anapiga kwa gongo, wengine wanakimbia. Naleta uzi huu kwa anayetaka kuingia ndani zaidi, na nimemchagua mtu mmoja, Mariano Rivera wa Panama, aliyeichezea New York Yankees kuanzia 1995 hadi 2013. Nimemchagua kwa sababu alifanya karibu kazi yake yote kwa mrusho wa aina moja. Wapigaji walijua kinachokuja, walikiona kinakuja, na bado gongo likawavunjikia mikononi.

Wengi wanaliita jambo hili muujiza. Mimi sikubaliani nao. Lina maelezo yake, na yote yako kwenye vidole, kwenye mwendo wa mwili na kwenye aina ya kazi aliyopewa.

Tuanze na vipimo, maana bila hivyo hatutaelewana. Mrushaji anasimama juu ya kilima cha udongo chenye kimo cha sentimita 25.4. Juu yake kimefukiwa kibao cheupe cha mpira, urefu sentimita 61 na upana 15, na mguu wake lazima uanzie hapo. Kutoka kwenye kibao hadi besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Besi hiyo ina upana wa sentimita 43. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, umeshonwa kwa uzi mwekundu uliotokeza kidogo, na huo mshono ndio siri ya kila kitu. Mrushaji akirusha kwa kilomita 150 kwa saa, mpigaji ana takriban sekunde 0.4 za kuona, kuamua na kuzungusha gongo. Basi.

#2 Bint Upanga

Asante mkuu. Kabla hujafika mbali, weka sawa hapa: mrushaji "anashinda" vipi? Anafunga magoli?

#3 Kono la Kulia

Hafungi kitu, dada. Kazi yake ni kuzuia. Mechi ina inningi tisa, na kila timu inapiga hadi wachezaji wake watatu watolewe, ndipo zamu inahamia kwa wapinzani. Mrushaji anamtoa mpigaji kwa straiki tatu (straiki ni mrusho anaoukosa, au anaouacha ukiwa umepita kwenye eneo la kupigika), au kwa kumlazimisha apige mpira dhaifu unaodakwa au unaookotwa na kutupwa besi ya kwanza kabla yeye hajafika. Akirusha mipira minne nje ya eneo bila mpigaji kuifuata, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bure. Mpigaji akizunguka besi zote nne, timu yake imepata mkimbio mmoja.

Mrushaji anapimwa hasa kwa ERA, yaani mikimbio anayoruhusu kwa wastani wa kila inningi tisa, ukiondoa ile iliyotokana na makosa ya wenzake. Chini ya 3.00 ni mtu mzuri sana. Rivera alimaliza kazi akiwa na 2.21. Tangu 1920 hakuna mrushaji mwenye inningi 1,000 au zaidi aliyemaliza na ERA ya chini kuliko hiyo.

#4 Mzee wa Takwimu

Mleta uzi yuko sahihi. Niongeze mwanzo wake, maana watu hudhani alizaliwa bingwa.

Rivera alizaliwa Novemba 1969, akakulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi nchini Panama, na akafanya kazi kwenye boti ya uvuvi ya baba yake. Kwenye besiboli alikuwa akicheza kati ya besi ya pili na ya tatu. Siku moja mrushaji wa timu yake alifanya vibaya, yeye akajitolea kurusha. Yankees walimsaini Februari 1990 kwa zaidi kidogo ya dola 2,000. Alikuwa na miaka 20, na kwa vijana wa Amerika ya Kilatini huo ni uzee. Wengi husainiwa wakiwa na 16 au 17. Kasi yake kwenye majaribio ilikuwa kama kilomita 137 hadi 140 kwa saa. Hiyo ni ndogo. Kilichomvutia msaka vipaji ni urahisi wa mwendo wake, na kwamba mpira ulikwenda pale alipotaka.

Msimu wa kwanza kwenye ligi ya wanaoanza huko Florida, 1990, alimaliza na ERA ya 0.17 kwa inningi 52. Mkimbio mmoja tu uliohesabika juu yake!

Halafu ikaja 1992. Kiwiko kikauma, akafanyiwa upasuaji na Dk. Frank Jobe. Mwaka huohuo ligi ilikuwa inaongeza timu mbili, Florida Marlins na Colorado Rockies, na zilipewa nafasi ya kuchukua wachezaji wasiolindwa na timu zao. Yankees hawakumlinda Rivera. Hao wawili nao hawakumchukua. Klabu tatu zilimtazama mtu yuleyule na hakuna iliyoona cha maana.

#5 Kono la Kulia

Na hata alipopanda Ligi Kuu mambo hayakwenda. Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 23 Mei 1995 dhidi ya California Angels, akiwa mrushaji wa kuanza, yule anayefungua mechi na kutarajiwa kwenda inningi tano, sita au zaidi. Akapigwa. Baada ya mechi chache wakamrudisha Columbus, ligi ya AAA, ngazi moja chini.

Akiwa huko, kasi ikapanda ghafla hadi kilomita 153 au 154 kwa saa. Meneja mkuu wa Yankees wakati huo, Gene Michael, alikuwa kwenye mazungumzo na Detroit ya kumtoa Rivera ili ampate David Wells. Alipoletewa usomaji wa rada aliuliza pia kwa msaka vipaji wa timu nyingine kama namba zile ni za kweli, akathibitishiwa, na mazungumzo yakafia hapo. Rivera alirudi juu tarehe 4 Julai akarusha inningi nane dhidi ya White Sox huko Chicago bila mkimbio, akiwatoa wapigaji 11 kwa straiki.

Pamoja na hayo alimaliza msimu na ERA ya 5.51. Kama mrushaji wa kuanza hakufaa, na sababu ni ya kiufundi: alikuwa na fastiboli, yaani mrusho wa kasi ulionyooka, nzuri peke yake. Mrushaji wa kuanza anakutana na mpigaji yuleyule mara mbili au tatu kwa siku. Mara ya kwanza fastiboli inamshinda, mara ya tatu ameshaizoea. Bila mrusho wa pili na wa tatu wa kumchanganya, unaumbuka.

#6 Bint Upanga

Kwa hiyo wakamhamishia wapi?

#7 Kono la Kulia

Bulpeni. Hiyo ni sehemu ya pembeni ya uwanja wanapokaa warushaji wa akiba na kupasha moto kabla ya kuitwa. Huko mtu anarusha inningi moja au mbili na hakutani na mpigaji mara ya pili. Udhaifu wa Rivera ukafutika pale pale. Mwaka 1996 alirusha inningi 107 na theluthi mbili, ERA 2.09, akawatoa wapigaji 130 kwa straiki. Alikuwa akimtengenezea njia John Wetteland aliyekuwa mfunga mechi, yaani mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda uongozi. Yankees wakachukua ubingwa, Wetteland akaondoka, na kuanzia 1997 Rivera akawa mfunga mechi mwenyewe.

Hapa ndipo penye funzo kwa kocha yeyote. Mtu hakubadilika, kilichobadilika ni kazi.

#8 Fundi Viungo

Naomba tuzame kwenye mrusho wenyewe. Unaitwa kata (kwa Kiingereza cutter), na nimeona wengi wanaandika kwamba kata yake ni aina ya slaida, mrusho mwingine unaopinda. Siyo, na ukimfundisha kijana hivyo utamvunja kiwiko.

Tuanze na fastiboli ya mishono minne. Shika mpira ili kidole cha shahada na cha kati vikate mshono kwa juu, pale mshono unapotengeneza umbo la kiatu cha farasi. Gumba liwe chini katikati. Mpira ukae kwenye ncha za vidole, pabaki nafasi kati yake na kiganja. Ukiachia, vidole vinakuwa nyuma ya mpira vikiuvuta kwenda chini, nao unazunguka kinyumenyume. Mzunguko huo unaushikilia hewani, unashuka polepole kuliko mpigaji anavyotarajia.

Kata inaanzia hapohapo. Unachobadilisha ni kuvisogeza vidole viwili kidogo kuelekea upande wa nje wa mpira, kama nusu ya upana wa kidole, na kuongeza mgandamizo kwenye kidole cha kati. Kifundo cha mkono HAKIPINDWI. Unarusha kwa nguvu yote, kwa mwendo uleule wa fastiboli. Kwa kuwa vidole haviko katikati, mhimili wa mzunguko unalala kidogo, na mpira unakwenda upande wa glovu (upande wa mkono usiorusha) sentimita chache, mwishoni kabisa mwa safari.

Slaida ni kitu kingine: unaachia kwa vidole vikiwa pembeni zaidi, kasi inapungua kwa kilomita 10 au zaidi, na mzunguko wake unatengeneza kidoti chekundu ambacho mpigaji mzoefu anakiona mapema. Kata ya Rivera haikuonyesha kidoti. Ilizunguka kama fastiboli, ilikuja kwa kasi ya karibu kilomita 150, na mpigaji akaianzia gongo kama anapiga fastiboli.

#9 Kijana wa Lugazi

Sasa kwa nini magongo yalikuwa yanavunjika hivyo?

#10 Fundi Viungo

Chukua gongo. Sehemu nene ni kama sentimita 6.6 kwa kipenyo, na mahali pazuri pa kugonga ni kama sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Kuelekea mikononi mti unazidi kuwa mwembamba. Rivera anarusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kata yake inamfuata mpigaji wa kushoto mwilini. Mpigaji amelenga mpira ukutane na sehemu nene. Katika mita chache za mwisho, wakati gongo liko njiani na haliwezi kurudishwa, mpira unasogea ndani na kugonga pale kwenye wembamba, juu kidogo ya vidole. Mti unapasuka, mpira unakwenda dhaifu kwa mchezaji wa ndani.

Kwa kawaida mpigaji wa kushoto ana faida dhidi ya mrushaji wa kulia. Kwa Rivera faida hiyo haikuwepo, na baadhi ya wapigaji wanaoweza kusimama pande zote mbili waliamua kusimama upande wa kulia dhidi yake, kinyume na wanavyofanya kwa warushaji wengine wote wa mkono huo. Mwaka 2013, mwaka wake wa mwisho, Minnesota Twins walimzawadia kiti cha kubembea kilichotengenezwa kwa magongo yaliyovunjika.

#11 Mzee wa Takwimu

Na kata hiyo hakuitafuta. Juni 1997 alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mechi huko Detroit, mpira ukaanza kukata wenyewe na Mendoza akashindwa kuudaka vizuri. Kocha wa warushaji, Mel Stottlemyre, alifanya naye kazi kwa muda ili aunyooshe mpira uwe fastiboli ya kawaida tena. Haukunyooka. Wakaamua kuuacha ulivyo, na huo ukawa mrusho wa maisha.

Niweke angalizo: hakuwa na kata peke yake asilimia mia. Alibaki na fastiboli ya mishono minne, na baadaye akaongeza ya mishono miwili inayokwenda upande wa pili, hasa ya kumzuia mpigaji wa kulia asijazane juu ya besi. Lakini miaka ya mwisho kata ilizidi mirusho minane kati ya kumi.

#12 Kijana wa Lugazi

Fundi, mtu anayejifunza afanyeje hatua kwa hatua? Na nini huwa kinaharibika?

#13 Fundi Viungo

Kwanza asiiguse kata kabla hajaweza kurusha fastiboli kwenye pembe zote nne za eneo, na awe na chenjiapu (mrusho wa polepole unaofanana na fastiboli) inayoeleweka. Hapo ndipo aanze.

Aanzie umbali wa mita 13 au 14, kwa nusu ya nguvu. Arushe fastiboli tano kwanza mwili ukumbuke mwendo. Kisha asogeze vidole, arushe 10 hadi 15 akiangalia mzunguko tu, bila kujali kama umeingia eneo. Mpira uliochorwa mstari kwa kalamu ya wino mzito unasaidia sana hapa: mstari ukiyumba kama gurudumu bovu, vidole havikutoka pamoja. Ukizunguka safi umelala kidogo, tayari. Baada ya hapo arudi nyuma hadi umbali kamili, na nguvu ipande taratibu kwa wiki kadhaa.

Makosa ninayoyaona karibu kila mahali ni haya. La kwanza, kupinda kifundo ili mpira uonekane unakata zaidi. Unapata slaida dhaifu na mzigo mkubwa kwenye kiwiko. La pili, kuuzamisha mpira kwenye kiganja, kasi inakufa. La tatu ni bega la mbele kufunguka mapema: mguu haujatua na kifua kimeshamtazama mpigaji. Mkono unachelewa nyuma, mpira unaelea juu katikati bila kukata, na mpira wa namna hiyo ndio unaopigwa hadi kwa watazamaji. Mwingine anaipenda kata mpaka anasahau fastiboli, na makocha wengi wanasema kasi ya fastiboli hushuka kwa kuitumia kata kupita kiasi. Kwa kijana hatari hiyo ni ya kweli.

Angalia video za Rivera kutoka upande. Goti linapanda, mguu unatua, mkono unapita, na ukilinganisha 1998 na 2011 huoni tofauti. Hana papara, hana mkwaruzo. Mwendo unaojirudia vile ndio uliomwezesha kuweka mpira pembeni kabisa ya besi kila mara. Kata bila kulenga ni zawadi kwa mpigaji.

#14 Bint Upanga

Nimesoma ana "seivu" 652. Inahesabiwaje?

#15 Mzee wa Takwimu

Seivu ilibuniwa na mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, na ikawa takwimu rasmi 1969. Mrushaji anaipata akimaliza mechi ambayo timu yake imeshinda, asiwe yeye aliyehesabiwa ushindi wenyewe, na atimize mojawapo ya haya: aingie timu ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu na arushe angalau inningi nzima, au aingie wakati mpinzani anayeweza kusawazisha yuko kwenye besi, anapiga, au ndiye anayesubiri zamu inayofuata, au arushe inningi tatu au zaidi kwa ufanisi.

Rivera alipata 652 na akapoteza 80, yaani alifanikiwa kwa asilimia 89. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Trevor Hoffman, 601, na Rivera aliipita tarehe 19 Septemba 2011 dhidi ya Twins.

Ila mimi seivu siipi uzito mkubwa. Mtu anayeingia na mikimbio mitatu ya akiba, besi tupu, anapata seivu sawa na aliyeingia katikati ya moto. Ukitaka kumjua Rivera tazama mechi za mtoano: inningi 141, ERA 0.70. Kwa miaka yote hiyo, dhidi ya timu bora tupu, mikimbio 11 ilihesabika juu yake. Na homerani (mpira uliopigwa nje ya uwanja) mbili tu, ya Sandy Alomar Jr. 1997 na ya Jay Payton 2000.

#16 Mtaalamu wa Kuanza

Nawaheshimu wote, lakini mnamkuza kupita kiasi. Inningi 1,283 kwa miaka 19! Mike Mussina, mrushaji wa kuanza aliyeingia naye ukumbi wa magwiji mwaka mmoja, alirusha inningi zaidi ya 3,500 na kushinda mechi 270. Mrushaji wa kuanza anabeba timu, mfunga mechi anakuja dakika za mwisho. Na Rivera mwenyewe alijaribu kuanza akashindwa. Kwa nini yeye ndiye wa kwanza katika historia kupata kura zote, 425 kwa 425, mwaka 2019?

#17 Mzee wa Takwimu

Hoja ya inningi ni nzito na siipingi: thamani ya msimu mmoja, mrushaji bora wa kuanza anamzidi mfunga mechi. Lakini pima na upande wa pili. Wafunga mechi wengi wanawaka miaka mitatu minne kisha wanazimika, kwa sababu wanategemea kasi ya juu kabisa na kasi hiyo haidumu. Kupata mtu anayeifanya kazi hiyo kwa kiwango kilekile tangu akiwa na miaka 27 hadi 43 ni jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alipocheza msimu wa mwisho akiwa na miaka 43, alipata seivu 44.

Na mwaka ule ule wa 2019 aliingia Edgar Martínez wa Seattle, mpigaji wa kulia ambaye alimpata Rivera zaidi ya nusu ya mara walizokutana. Huyo peke yake anathibitisha kwamba palikuwa na njia. Martínez alikuwa na subira ya kuuacha mpira usafiri na kuupiga kuelekea upande wa kulia. Wengi waliujua ujanja huo, mikono ikawakatalia.

#18 Mtaalamu wa Kuanza

Hapo nakuelewa. Basi tuzungumze na alipoanguka, maana uzi wa sifa tupu hausaidii.

#19 Kono la Kulia

Sawa kabisa. Tarehe 4 Novemba 2001, Phoenix, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Arizona Diamondbacks. Yankees wanaongoza 2-1. Rivera anaingia inningi ya nane na kuwatoa watatu kwa straiki. Inningi ya tisa, Mark Grace anapiga na kufika besi ya kwanza. Anayefuata anaugusa mpira taratibu ili amsogeze mwenzake. Rivera anauokota na kuutupa besi ya pili, unapotea. Kosa lake mwenyewe, na la mkono, si la mrusho. Mguso wa pili anautupa besi ya tatu, safi, mmoja ametoka. Kisha Tony Womack anapiga kwenda kulia, mechi inasawazishwa. Craig Counsell anagongwa na mpira, besi zote zimejaa.

Sasa angalia uamuzi huu. Yankees wanawasogeza wachezaji wa ndani karibu, ili mpira wa chini waweze kumtoa mkimbiaji nyumbani. Luis Gonzalez, mpigaji wa kushoto, anashika gongo juu kidogo ya kawaida ili alifupishe. Kata inaingia ndani kama kawaida, inagonga karibu na mikono, mpira unaelea dhaifu juu ya kichwa cha Derek Jeter, anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu, na kutua nyuma yake. Kama Jeter angekuwa amesimama mahali pake pa siku zote, huo ni mpira wa kudaka. Mrusho ulifanya kazi yake na fainali ikapotea.

Ya 2004 dhidi ya Boston ni tofauti. Mechi ya nne ya nusu fainali, tarehe 17 Oktoba, alimpa Kevin Millar besi ya bure mwanzoni mwa inningi ya tisa. Dave Roberts akaingia kukimbia badala yake, akaiba besi ya pili, Bill Mueller akapiga katikati, mechi ikasawazishwa. Pale tatizo lilianzia kwenye mipira minne ya nje. Mfunga mechi anayeongoza kwa mkimbio mmoja hatakiwi kumpa mtu wa kwanza besi ya bure. Ni afadhali apigwe.

#20 Fundi Viungo

Niongeze suala la mwili, kwa sababu ndilo linalomaliza kazi za warushaji wengi. Kiwiko kina kano ya upande wa ndani inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Kila mrusho wa nguvu unaivuta karibu na kikomo chake. Ikichanika, zamani ulikuwa mwisho. Tarehe 25 Septemba 1974 Dk. Jobe, huyohuyo aliyemfungua Rivera miaka 18 baadaye, alichukua kano kutoka mkono mwingine wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko. John alirudi 1976 akashinda mechi 164 baada ya hapo. Upasuaji unaitwa kwa jina lake hadi leo, na kurudi huchukua miezi 12 hadi 18. Kwa Rivera, Jobe alipofungua 1992 aliona kano haihitaji kubadilishwa. Hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Bega alifanyiwa upasuaji mdogo mwishoni mwa 2008. Jeraha baya kuliko yote halikuja kwa kurusha kabisa: Mei 2012 huko Kansas City alikuwa akikimbilia mipira ya mazoezi kabla ya mechi, goti likachanika. Alirudi 2013 na kucheza msimu mzima.

Kwa vijana, hesabu ya mirusho ndiyo kinga. Mwongozo wa Little League, shirika la besiboli ya watoto: miaka 9 na 10, mirusho 75 kwa siku, 11 na 12, mirusho 85, 13 hadi 16, mirusho 95. Kwa walio chini ya miaka 15, ukirusha 66 au zaidi pumzika siku nne, 51 hadi 65 siku tatu, 36 hadi 50 mbili, 21 hadi 35 moja. Maumivu ya ndani ya kiwiko siyo uchovu. Yakitokea, acha kurusha siku hiyo hiyo umuone daktari. Kumpaka mtoto dawa ya kuchua ili amalizie mechi ni kumuuza.

#21 Kijana wa Lugazi

Nashukuru sana Fundi. Huku Uganda suala hili ni la kweli kabisa. Timu ya vijana ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, 2012, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini warushaji wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Vijana wengi sasa wanauliza njia ikoje baada ya kusaini.

#22 Mzee wa Takwimu

Mchezaji wa nje ya Marekani, Kanada na Puerto Rico hapiti kwenye mchujo wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wa vyuo na sekondari. Anasaini moja kwa moja, na dirisha la kila mwaka hufunguliwa Januari 15. Anaanzia ligi za kambi, kisha A, A ya juu, AA na AAA. Wengi hawafiki juu. Mshahara wa chini wa mwaka kwenye ligi za kambi kwa makubaliano ya 2023 ulikuwa dola 19,800, na AAA dola 35,800. Ligi Kuu yenyewe kiwango cha chini 2024 kilikuwa dola 740,000. Ndiyo maana hatua moja kutoka AAA kwenda juu inabadilisha ukoo mzima.

Ukifika juu, siku 172 zinahesabika kuwa mwaka mmoja wa utumishi. Kwa kawaida ukifikisha miaka mitatu unaweza kupeleka mshahara wako kwa msuluhishi. Ukifikisha sita na mkataba umeisha, uko huru kwenda timu yoyote. Rivera naye, mwishoni mwa 2007, akiwa na miaka 38, alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 45.

#23 Kijana wa Lugazi

Na mtu aliyeanza kurusha akiwa na miaka 18 au 19, amechelewa?

#24 Fundi Viungo

Kwa nafasi nyingine uwanjani, mara nyingi ndiyo. Kupiga kunataka maelfu ya mirusho uliyoiona tangu utotoni. Kwa mrushaji siyo lazima. Mkono ambao haukutumika sana utotoni unaweza kuwa na afya kuliko wa kijana aliyerusha mwaka mzima tangu akiwa na miaka tisa. Kinachotazamwa ni kasi, mwendo unaojirudia, na kama unaweza kuweka mpira pale mdakaji alipoweka glovu.

Anza hivi: siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kimbia taratibu dakika kumi, nyoosha mabega, anzia kurusha mita 10 na urudi nyuma taratibu hadi mita 35 au 40 mkono ukiwa huru. Ndipo upande kilimani, mirusho 25 hadi 30, yote fastiboli, mdakaji akihamisha glovu pembe baada ya pembe. Andika daftarini ngapi zimefika alipoweka glovu. Wiki ya kwanza usijali kasi. Ukifika 18 kati ya 30 bila bega la mbele kufunguka, rudi hapa uzini tuzungumze chenjiapu.